Mnaua Ua Mpate Ua

Kwa wiki tano za kiangazi kilichopita, bogenvilia ya jirani yangu ilifunika ukuta wake wote kwa zambarau, mpaka wamotari wa mtaani wakaacha kutaja namba ya barabara. "Nikushushe pale kwenye maua?" ndivyo walivyouliza, na abiria akaitikia. Ijumaa ya kuamkia umuganda wa Agosti, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, jirani akaleta kijana mwenye panga na mkasi mrefu. Ilipofika saa kumi jioni mmea ulikuwa umenyooka pande zote kama kitanda cha bwenini siku ya ukaguzi. Jirani akatoka na kikombe chake cha chai, akatazama kushoto na kulia, akasema, "Sasa pamekuwa safi." Zambarau yote ilikuwa chini, inafagiliwa kutiwa kwenye magunia.

Akaendelea hivyo kila mwisho wa mwezi. Januari, jua lilipotulia tena na kuta za wengine zikaanza kuwaka rangi, alinisimamisha getini: "Ndugu yangu, hivi kwa nini yangu imekataa kuchanua?"

Simlaumu peke yake. Anachokiamini ndicho kinachoaminiwa na karibu kila mwenye geti Kigali, na nitakieleza kama wenyewe wanavyokieleza, bila kukipunguzia nguvu. Wanasema bogenvilia ni mmea wa fujo. Ukiupa kisogo kwa mwezi mmoja unatoa fito ndefu zenye miiba, unararua mashati ya wapita njia, unakumbatia nyaya, unaficha wadudu na nyoka, na unaifanya nyumba ionekane haina mwenyewe. Dawa yake ni kuukata kila mwezi, kwa mstari, na kwa ufupi. Tena kukata kwenyewe kunauchochea: kadiri unavyoukata ndivyo unavyotoa maua. Mji wetu unajulikana kwa usafi. Mmea nao uwe msafi.

Hoja hiyo imekaa kama ua wenyewe uliokatwa: kwa nje imenyooka, ukiifunua ndani ni vijiti vikavu. Tuifunue.

Kwanza: "Kadiri unavyoikata ndivyo inavyochanua"

Huu ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Bogenvilia huchanua kwenye tawi jipya. Ukiikata maua yakiisha, unaita machipukizi, na maua yajayo yatakaa juu ya machipukizi hayo. Mpaka hapo jirani yangu ana haki. Lakini chipukizi halizaliwi na maua mkononi. Linahitaji wiki kadhaa lirefuke, likomae, kisha lishike vishada. Anayerudi na mkasi baada ya wiki nne hulikuta likijiandaa, akalikata. Mwezi unaofuata hulikuta la pili katika hali ile ile, akalikata pia. Ni sawa na mtu anayeepua sufuria kila maji yanapoanza kutokota, halafu anawalalamikia wageni kwamba jiko lake halipiki chai.

Kuna jambo baya zaidi, na ningependa kila mwenye mkasi alione kwa macho yake. Shika tawi la bogenvilia, utazame pale jani linapokutana na tawi, kwenye kwapa lake. Kuna kitu kinachomoza hapo. Kwenye tawi moja utakuta ni mwiba, kwenye tawi jingine kishada cha maua. Wataalamu wa mimea walikwisha onyesha kwamba hivyo viwili ni ndugu wa tumbo moja: kiungo kilekile huwa mwiba mmea ukiwa katika hali ya kukimbilia majani, na huwa kishada hali ikigeuka kuwa ya kuchanua. Kwa hiyo kila anayeusukuma mmea uote upya, uote upya, uote upya, bila kuupa nafasi ya kutulia, amekwisha chagua upande. Anadai maua huku anafuga miiba. Kisha mwezi ujao anautaja uhodari wa miiba hiyo kuwa ndiyo sababu ya kukata tena.

Na kwa kuwa tunazungumzia majani, tulimalize na hili. Ile rangi inayopendwa, ya zambarau, nyekundu, ya machungwa au nyeupe, ni majani. Ua lenyewe ni kale kamrija keupe katikati, kadogo kama njiti ya kiberiti. Kwa kawaida yako matatu, yamezungukwa na majani matatu yaliyovaa rangi. Mwenye nyumba anayemwamuru kijana "punguza majani nione maua" anaomba apunguziwe hicho hicho anachokitaka.

Pili: "Haichanui kwa sababu haina nguvu; itiwe mbolea na maji"

Hapa ndipo hoja inapojikanyaga mguu. Mtu aliyeapa kwamba mmea unakua mno, akikosa maua, hununua mbolea ya kukuza na kufungua mpira wa maji mwezi wa Julai. Analipa akate, analipa alishe, kisha analipa akate alicholisha. Mfanyabiashara akiendesha duka lake namna hiyo, ndugu zake watakaa kikao.

Tazama mahali tulipo. Kigali iko chini kidogo ya ikweta, haifiki hata nyuzi mbili kusini, na urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana mwaka mzima. Katika nchi za mbali na ikweta, bogenvilia husoma msimu kwa kufupika kwa siku. Hapa siku haiiambii kitu. Kinachoiambia ni ukavu. Mvua za itumba za Machi hadi Mei huifanya iote. Kiangazi cha impeshyi, kuanzia Juni, huiambia sasa chanua. Mvua za umuhindo za mwisho wa mwaka huifanya iote tena. Urugaryi, kile kiangazi kifupi cha Januari na Februari, huiambia chanua tena. Ukiimwagia maji Julai unaitilia mvua mahali ambapo mbingu zimenyamaza makusudi. Inakusikiliza wewe, inaota majani.

Kule Nyamirambo namfahamu bibi mmoja mwenye bogenvilia iliyopandwa kwenye pipa lililotoboka, limeegemezwa ukutani, udongo wake mwekundu umekauka mpaka umepasuka. Inawaka kama taa. Nilimuuliza anaipa nini.

"Mie? Siipi kitu, mwanangu."

"Hata maji, bibi?"

"Maji ya jerikani, ya kulipia, nikamwagie ua? Lina wazimu gani hilo?"

Bila kusoma kitabu, bibi amefanya yote mawili ambayo mmea huu unayapenda: ameibana mizizi na ameiacha ione kiu. Ng'ambo ya bonde, wenye mpira wa maji na mbolea ya gunia wanatazama ukuta wa kijani.

Tatu: "Mstari ulionyooka ndio unadhifu"

Lugha yetu ina neno moja lenye kazi tatu. Ua hili, linalochanua. Ua huu, unaozunguka nyumba. Na ua! ya kumwamuru mtu atoe roho. Jirani zangu wamefaulu kuyatumia yote matatu katika asubuhi moja.

Si kila mmea umeumbwa kuwa ua wa kunyolewa. Wazee wa Rwanda walizungushia boma zao umuyenzi, ule mnyaa wa utomvu mweupe, na walijua kwa nini: unasimama wenyewe, unashikana, unavumilia kukatwa. Bogenvilia haisimami yenyewe. Ni mmea wa kuegemea. Kwao Amerika ya Kusini hupanda juu ya miti ya wenzake, na miiba yake ndiyo kulabu za kupandia, maana haina nyuzi za kujisokota kama mmea wa boga. Kuinyoa iwe ukuta ni kumfundisha mbuzi kulala kwenye tundu la kuku: atalala, lakini usimuulize ameamkaje.

Matokeo unaweza kuyapima kwa kiganja. Ingiza mkono, kwa uangalifu, ndani ya ua wa bogenvilia ulionyolewa miaka mitatu. Majani yapo kwa nje tu, unene wa kiganja kimoja. Nyuma yake mwanga hauingii, na kilichobaki ni vijiti, fito kuukuu na takataka zilizonasa. Ndiyo maana anayekosea kidogo tu, akakata sentimita chache zaidi ya mwezi uliopita, hufunua tundu la kahawia, kisha lazima kila mtu anyamaze kama vile halionekani. Unadhifu gani huu unaotaka watu wasisogee karibu?

Kinachonishangaza ni kwamba ujuzi tunao. Nenda Musanze au Burera uone maharage ya kupanda, yale yanayoitwa mushingiriro. Mkulima anajua kwamba mmea unaopanda hupewa mti wa kupandia. Anauelekeza, anaufunga, anauachia. Hujapata kumwona mkulima wa kaskazini anayapitia maharage yake na mkasi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili kilele cha shamba kiwe sawasawa. Angeulizwa kama yuko salama. Mtoto wa mkulima huyo huyo anajenga nyumba Kigali, anaweka geti, na ujuzi wote wa baba yake unabaki nje ya geti.

Nne: "Isipokatwa italeta nyoka na mbu"

Mbu hatagi kwenye jani la bogenvilia. Hutaga majini: kwenye tairi lililotupwa, ndoo iliyosahauliwa, mfereji ulioziba, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Ni kweli mbu mzima hupumzika kivulini mchana, lakini kivuli hicho kipo chini ya kila kitu, pamoja na kitanda chako. Mtu anayenyoa ua huku ndoo ya maji ya mvua imekaa wiki mbili nyuma ya jiko anapigana na hoteli, anaacha hospitali ya wazazi.

Nyoka ni hoja nzito zaidi, na ndiyo inayowageuka wenyewe. Nyoka hutafuta mahali penye giza, pakavu, pasipofikika, penye majani makavu ya kujifichia na panya wa kula. Umeelezwa hivi punde mahali kama hapo: ni ndani ya ua ulionyolewa, nyuma ya ule unene wa kiganja, ambapo ufagio hauingii kwa sababu ya miiba. Bogenvilia iliyopunguzwa matawi ya ndani na kuinuliwa sketi yake hadi magotini hupitisha mwanga na upepo, na unaona shina lake hadi chini. Kwa hiyo anayeogopa nyoka angetakiwa kukata ndani na chini. Yeye anakata juu na nje, yaani anamtengenezea nyoka paa na pazia.

Tano: "Ni kazi ndogo, zamu ataifanya"

Gharama za kupendeza huku kwa mstari hazionekani kwa sababu zinalipwa na wasiokunywa chai pale uani. Zamu, kama tunavyomwita mlinzi Kigali, aliajiriwa kukesha. Asubuhi anakabidhiwa panga. Nilimkuta mmoja amekaa kwenye kingo ya barabara, anajitoboa kidole kwa pini.

"Pole, mzee. Glavu huna?"

"Zilikuwepo. Miiba imezimaliza."

"Hukuomba nyingine?"

Akacheka. "Niliomba. Nikaambiwa ni maua tu hayo, mzee, si vita."

Mwiba wa bogenvilia ukivunjikia ndani ya kidole, au mbaya zaidi ndani ya kiungo, unaweza kuvimbisha mkono kwa siku nyingi baada ya ua kusahaulika. Baada yake huja wa kufagia, kisha anayepakia gari la taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 2008, na hakuna anayeililia. Lakini gunia lililojazwa vipande vya bogenvilia ni mto wa sindano, na linainuliwa kwa mikono na kuegemezwa kifuani. Vinavyodondoka njiani vinangoja tairi la baiskeli na ndala ya mtoto. Anayekata mara mbili kwa mwaka huwapa watu hawa mizigo miwili. Anayekata kila mwezi huwapa 12, halafu anatangaza kwamba amesafisha mtaa.

Mgawanyo huu wa kazi ni wa tangu mwanzo. Mmea ulipata jina lake katika safari ya kuizunguka dunia iliyoongozwa na Mfaransa Louis Antoine de Bougainville kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea wa safari hiyo, Philibert Commerson, aliukusanya karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767 na kuuita kwa heshima ya mkuu wake. Commerson alikuwa anasumbuliwa na mguu. Aliyekuwa akibeba vifaa na kupenya vichaka pamoja naye ni msaidizi wake, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume kwa kuwa meli za jeshi la majini la Ufaransa zilikataza wanawake. Kiongozi wa safari akabaki na jina kwenye ua. Miiba tunajua ilibaki kwa nani.

Sita: "Basi unataka iachwe iwe pori?"

Hili ndilo jibu la mwisho la kila mwenye mkasi, na linadhani kuna njia mbili tu, kinyozi au pori. Sijaomba pori. Tawi linalomchoma mpita njia au linaloziba pembe ya barabara mbele ya pikipiki likatwe leo, hata kama ni Jumanne. Mengine yote yana msimu wake, na msimu huo mkulima wa kawaida wa Rwanda anaujua, kwa kuwa ndio anaolimia.

Muulize mkulima wa kahawa. Hapogoi kahawa ikiwa na maua, wala hapogoi kwa sababu mwezi umekwisha. Anangoja avune, ndipo atoe matawi yaliyochoka. Bogenvilia inaomba adabu hiyohiyo. Ngoja rangi ififie. Katikati ya Septemba, maua ya kiangazi kirefu yakichakaa na mawingu ya kwanza ya umuhindo yakianza kukusanyika, kata kwa nguvu: ondoa yaliyokufa, yanayosuguana na yaliyojazana katikati, kisha fupisha ya pembeni ukiacha macho machache kwenye kila moja. Mvua itafanya kazi iliyobaki. Mwanzoni mwa Machi, kabla itumba haijakolea, pitia tena kwa mkono mwepesi. Kati ya hapo, ile fito ndefu inayokukera usiikate. Iinamishe na kuifunga ilale kwenye waya. Ncha inayotazama juu huwazuia wadogo zake wasiamke. Ikilazwa, macho yote ya mgongoni huchipua, na kila chipukizi ni mahali pa kishada. Tumia mkasi wa kupogolea wenye makali. Panga liache kwa kazi yake. Na mnunulie mzee glavu.

Hesabu yake ni siku mbili za kazi nzito kwa mwaka na kamba kidogo. Haina ugumu wowote, isipokuwa mmoja: kwa wiki kadhaa ukuta wako utakuwa na nywele zilizotimka, na jirani ataona. Hofu hiyo ndiyo inayoshika mkasi. Umuganda haukuagiza bogenvilia inyolewe. Ni sisi tuliopeleka kalenda yetu ya kuonekana kwenye mmea wenye kalenda ya mvua, kisha tukashangaa kwamba haukutii. Waswahili walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa bogenvilia, ngoma ni kungoja.

Jirani yangu nilimweleza haya yote pale getini. Alisikiliza kwa heshima hadi mwisho, akatikisa kichwa, akaniambia nina hoja. Kisha akaniuliza kama nafahamu mtu mwenye mkasi wa mota, maana umuganda ulikuwa umebakiza siku tatu.

Juzi nilipanda pikipiki kutoka Kimironko. Nilimwambia kijana anishushe pale kwenye maua.

"Maua yapi, mzee?" akauliza. "Nipe namba."